Mkono wa mtu

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 31, na mingi kati ya hiyo niliimaliza katika wodi za huku kwetu Kwale, pwani ya Kenya. Nimewafumba macho watu wengi, wengine nikiwajua kwao na kwa wazazi wao. Basi mwaka juzi binti yangu alinialika Minneapolis, mji wa Marekani anakofanya kazi ya kutunza wazee, akanipeleka kutazama jumba la sanaa la mji huo, ambako kiingilio ni bure. Nilipita chumba baada ya chumba nikitazama juu juu tu, mpaka miguu ikagoma mbele ya picha moja. Binti yangu alidhani nimechoka, akanitafutia kiti. Sikuwa nimechoka. Nilijiona nimerudi wodini.

Picha yenyewe ina upana wa karibu mita mbili na kimo cha mita moja na nusu. Mgonjwa amelala kitandani, kichwa kwenye mito, ngozi imekwisha ingia ile rangi ya majivu ambayo muuguzi yeyote aliyekesha zamu za usiku anaijua. Nyuma ya kitanda limetundikwa pazia kubwa la buluu, kama sisi tunavyozungusha skrini mtu anapozidiwa. Upande wa kulia ameketi mkewe, uso ameuficha kwa kitambaa, na watoto wako karibu naye. Upande wa kushoto wamejaa askari. Wako wanaolia. Na katikati yao yuko mmoja aliyenyanyua mkono juu, akiapa kulipiza kisasi.

Nilimtafuta tabibu katika picha ile, maana huyo ndiye mwenzangu wa kazi. Sikumwona.

Lakini kilichonisimamisha ni ule mkono. Huku kwetu mtu akifa kifo kisichoeleweka, hasa akiwa bado kijana, husemwa kuwa ni mkono wa mtu. Wadigo tuna neno letu, utsai, ila wodini watu hawalitamki. Wodini husema "mkono wa mtu" na kila aliyeko pale akaelewa. Na mara nyingi anayesema huwa ni ndugu wa kiume wa marehemu, naye husema huku amenyanyua mkono wake mwenyewe, vivi hivi kama yule askari.

Binti yangu alinisomea maelezo ya ukutani, na mengine nimeyasoma mwenyewe tangu nirudi. Picha inaitwa Kifo cha Germanicus. Aliichora Nicolas Poussin, Mfaransa aliyehamia Roma mwaka 1624, na aliimaliza kama mwaka 1628 kwa ajili ya Kadinali Francesco Barberini, mtoto wa ndugu yake Papa wa wakati huo. Yaani ilichorwa miaka mitatu hivi kabla ya Sultani Yusuf bin Hasan kuwageuka Wareno katika Ngome ya Mombasa. Ilikaa na ukoo wa Barberini miaka zaidi ya 300 kabla ya jumba la Minneapolis kuinunua mwaka 1958. Zama zile Ulaya huitwa za Baroko, na wachoraji wengi walipenda kumpiga mtazamaji moyoni kwa damu, giza na vilio. Poussin hakuweka hata tone la damu. Na yule mke, uso wake hakuuchora kabisa, aliufunika. Katika hilo namwamini, kwa kuwa nimeziona nyuso za wake katika saa hiyo, nami nisingeweza kuzieleza.

Germanicus alikuwa jemadari wa Roma, mtoto wa kulea wa mfalme Tiberius, kipenzi cha watu. Waliosoma Juliasi Kaizari kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere wanamjua babu yake mzaa mama, Mark Antony, yule aliyesimama juu ya maiti ya Kaizari akauwasha moto umati kwa maneno. Wanamkumbuka pia mshairi Cinna, aliyeraruliwa na umati ule ule kwa kosa la kufanana jina na mtu mwingine. Mjukuu wa Antony alifia Antiokia, mji ambao leo uko Uturuki na huitwa Antakya, tarehe 10 Oktoba mwaka wa 19 baada ya Kristo. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Alikuwa ametoka safari ya Misri. Alirudi akakuta gavana wa Syria, mtu aitwaye Piso, amezitangua amri zake. Wakagombana vibaya. Kisha Germanicus akashikwa na maradhi, akapata nafuu, yakamrudia. Mwanahistoria Tacitus, aliyeandika kama miaka mia moja baadaye, anasema nyumba ya mgonjwa ilipopekuliwa vilitolewa sakafuni na kutani mabaki ya maiti za watu, maneno ya kulaani, vibao vya risasi vilivyochorwa jina la Germanicus, na majivu yaliyopakwa damu.

Niliposikia hayo ndipo nilipoketi kwenye kile kiti.

Maana nimekulia katika vijiji ambako mganga huitwa kuja kufukua. Huja na watu nyuma yake, wakachimba chini ya kizingiti au pembe ya nyumba, ikatolewa chupa yenye misumari na nywele na kitambaa cheusi, na jioni hiyo hiyo kila mtu ameshapewa jina la mwenye chupa. Wazee wenzangu wanamkumbuka Kajiwe, mganga aliyezunguka pwani hii mwaka 1966 akiwasaka wachawi. Nilidhani ni mambo ya huku kwetu. Kumbe yalishaandikwa kwa Kilatini karibu miaka elfu mbili iliyopita, kuhusu mkuu wa majeshi anayelala katika nyumba ya mawe.

Tacitus anaongeza jambo ambalo tabibu mwema angeliandika kwenye faili. Anasema ukali wa maradhi ulizidishwa na ile imani ya mgonjwa kwamba Piso amempa sumu. Hilo nimeliona kwa macho. Mgonjwa aliyekwisha amini kuwa amerogwa hukataa dripu, hukataa uji, humtazama kila anayeingia mlangoni kana kwamba anakuja kummalizia. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio na hajainuka kitandani.

Sasa nisimulie changu, bila majina wala mahali.

Aliletwa kijana wa bodaboda, umri wake thelathini na kidogo, miguu imevimba, anatapika, ana kwikwi zisizokoma siku ya tatu. Nyumbani walikuwa wamempeleka kwa mganga mara mbili. Mara ya kwanza alipata nafuu siku kadhaa, ndiyo maana walirudi mara ya pili. Zile kwikwi ndizo zilizowatisha, wakasema kuna kitu kinamkaba. Lakini kwikwi zile zilikuwa za figo. Presha ilikuwa imemla miaka kadhaa bila yeye kujua, figo zikachoka, na uchafu wa damu ukawa hauna pa kutokea. Pumzi yake ilinuka mkojo. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Daktari wa zamu akaandika mstari mmoja wa Kiingereza kwenye faili, akalifunga, akaitwa kwingine.

Nikamfunga taya kwa bandeji, nikamnyoosha miguu, nikamfunika shuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, leso ya pili ameishika mkononi, kona yake ameiuma. Akaniuliza, "Sista, mwanangu kaondoka na nini?"

Nikamwambia, "Ni kazi ya Mungu, mama."

Nilisema kweli, lakini sikumjibu. Zamu ilikuwa inabadilishwa, nina wagonjwa watatu wananisubiri, nikaona maneno yale yanatosha. Nyuma yake akatokea kaka wa marehemu, akanyanyua mkono: "Hii si kazi ya Mungu. Huu ni mkono wa mtu, na mtu mwenyewe twamjua." Mimi nikapita na trei yangu.

Walimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama dini yetu inavyotuamrisha. Sisi Waislamu wa huku hatuweki maiti mochari wiki nzima, na ni jambo jema, ila maana yake ni kwamba maswali yote ambayo hospitali haikuyajibu asubuhi yanakwenda kujibiwa matangani usiku. Pale jamvini hakuna faili. Kuna kahawa, kuna uchungu, na kuna watu wanaokumbuka nani aligombana na nani juu ya mpaka wa mikorosho.

Arobaini haijafika, usiku mmoja akaletwa mzee. Alikuwa ami yake yule kijana. Nyumba yake ya makuti ilikuwa imechomwa, na mikono yake yote miwili, kuanzia kiwiko hadi vidole, ilikuwa imekatwa panga, kama ya mtu aliyejikinga kichwa. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mvi zake na macho yake mekundu, ambayo kwa kazi yangu nayajua: ni macho ya moshi wa kuni na upepo wa chumvi. Na ile mikorosho, bila shaka. Wodi ya wanaume ni moja, kwa hiyo alilazwa vitanda vitatu kutoka pale alipofia mtoto wa nduguye.

Siku ya pili nikimbadilisha bandeji akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule kijana wetu alikufa na nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza presha ni nini na figo hufanya kazi gani, na kwa nini miguu huvimba na kwikwi hutoka wapi. Ilinichukua dakika zisizozidi kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mbona hamkuwaambia?"

Nimestaafu na swali hilo. Nililibeba mpaka Minneapolis, na nadhani ndilo lililoigomesha miguu yangu.

Nirudi Roma, kwa sababu kesi ya huko inafundisha. Piso alishtakiwa mbele ya Seneti mwaka wa 20. Sitamtetea kwa yasiyotetewa: alipopata habari ya kifo alitoa sadaka za furaha, na baadaye akajaribu kulitwaa jimbo la Syria kwa silaha. Hayo alijulikana kuyatenda na hakuwa na la kujibu. Lakini lile la sumu, lililoapiwa kitandani, wenye mashtaka walishindwa kulisimamisha. Walidai alikitia sumu chakula kwa mkono wake mwenyewe karamuni, mbele ya Germanicus na watumishi wote na wageni, bila mtu kuona. Tacitus, ambaye hakumpenda Piso, anasema ni shtaka hilo pekee ambalo mshtakiwa alionekana kulifuta.

Na kuna kisa cha moyo. Inasimuliwa kwamba maiti ilipochomwa, kwa desturi zao, moyo haukushika moto. Wenye mashtaka wakasema: mnaona, moyo uliotiwa sumu hauungui. Upande wa Piso ukajibu: hata moyo wa mtu aliyekufa kwa maradhi ya moyo hauungui. Moyo ni ule ule mmoja, na kila upande ukasoma kile ulichokuja nacho. Hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Sisi leo tunayo njia. Tuna kipimo cha damu kinachoonyesha figo zimefika wapi, tuna mashine ya presha hata katika zahanati ndogo, na bado tunaiacha familia iende nyumbani ikausome moyo yenyewe.

Nje ya Seneti umati ulikuwa unapiga kelele kwamba Piso akiachiliwa na majaji hataachiliwa na wao. Wakazikokota sanamu zake. Asubuhi moja akakutwa chumbani amekatwa koo, upanga uko chini. Hati ya Seneti juu ya kesi hiyo, ya tarehe 10 Desemba mwaka wa 20, imepatikana Uhispania ikiwa imechongwa kwenye shaba. Juu ya sababu ya kifo, hati ile inategemea neno la Germanicus mwenyewe: kwamba marehemu alishuhudia ya kuwa Piso ndiye aliyemuua. Mtu anayekufa huku akiamini amepewa sumu ndiye shahidi wa kwamba alipewa sumu. Nimeyasikia maneno hayo matangani mara ngapi? "Mwenyewe alimtaja kabla hajakata roho."

Jambo jingine ambalo sikuligundua siku ile ni kwamba Piso hayumo katika picha ya Poussin. Wamo wote isipokuwa anayeshutumiwa. Yeye yuko mbali, hajui kwamba mkono umeshanyanyuliwa. Mzee wangu naye hakuwa wodini alfajiri ile. Alikuwa shambani kwake, na walipokuja kumwambia kijana amefariki, alikwenda kuchimba kaburi pamoja na wenzake.

Watoto wanaonekana pichani, na wanasikia kiapo. Mtoto mmojawapo wa Germanicus alikuwa Caligula, aliyekuwa na miaka saba baba yake alipokufa, na ambaye baadaye aliitawala Roma kwa umwagaji damu mpaka walinzi wake mwenyewe wakamuua mwaka wa 41. Sisemi kiapo kile ndicho kilichomfanya vile. Nasema tusinyanyue mikono mbele ya watoto.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa uchawi upo, na mimi Mwislamu siwezi kukana kwamba sihiri imetajwa kitabuni. Sikani. Nasoma Falaq na Nas kila jioni kama mama yangu alivyonifunza. Lakini sijaona aya wala hadithi inayompa mtu ruhusa ya kuchoma nyumba ya ami yake kwa ushahidi wa mvi. Kinga tumefundishwa, nayo ni dua. Na serikali nayo ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo watu hudhani imewekwa kwa ajili ya wachawi tu. Sheria hiyo inafanya kuwa kosa hata kumshutumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa umepeleka shutuma yako kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Yule kaka aliyenyanyua mkono mlangoni mwa wodi na kusema "twamjua" alikuwa ukingoni mwa kosa hilo, na hakuna aliyemwambia.

Nitaambiwa pia kwamba hospitali nazo huua kwa uzembe, kisha zikasingizia figo. Hilo nalo ni kweli mara nyingine, na ndiyo sababu zaidi ya kusema. Familia iliyoelezwa inaweza kuuliza, ikalalamika, ikadai faili. Isiyoelezwa hubaki na mganga na panga.

Wapo watakaosema wazee huuawa kwa ajili ya ardhi na kwamba uchawi ni kisingizio tu, wala maelezo ya daktari hayatamzuia anayetaka shamba. Hapo nakubaliana nao nusu. Anayetaka shamba hatazuiwa. Lakini mwenye tamaa ni mmoja au wawili, na hawezi kuchoma nyumba ya mzee kijijini bila kijiji kukubali. Kijiji hukubali kwa sababu kinaamini kinamlipizia marehemu. Yule mama mwenye leso hakutaka shamba la mtu. Alitaka kujua mwanawe ameondoka na nini. Laiti angejua, angesimama jamvini akasema, na maneno ya mama aliyefiwa hayapitwi na ya yeyote.

Kwa hiyo ninalolitaka ni dogo na halina gharama. Kila hospitali na kila kituo cha afya katika kaunti hii, kabla maiti haijatoka, waketishwe watu wawili wa familia, mmoja akiwa mama au mke, wakae kwenye viti, waelezwe kwa Kidigo, Kiduruma au Kiswahili nini kimemuua mtu wao. Waandikiwe kwenye karatasi kwa lugha hiyo hiyo, waende nayo. Kibali cha kuzika tunakiandika hata tukiwa na haraka namna gani, basi na hili tuliandike. Pale ambapo hatujui sababu, tuseme hatujui, na tuseme kipimo gani kingetuonyesha. Maimamu wetu nao, wanapotoa nasaha makaburini, waisome karatasi ile ikiwa familia imeridhia. Watu wote wanaokwenda kukaa matangani huwa pale.

Yule mzee anaishi Ukunda kwa binti yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Korosho zake huokotwa na wengine, na msimu uliopita sikusikia kwamba ameletewa hata kikombe.

Na wewe mwenzangu uliyeko zamu usiku wa leo, Kinango au Msambweni au Lunga Lunga, ukiwa na trei mkononi na wagonjwa watatu wanakungoja, mama akikuuliza mwanawe kaondoka na nini, weka trei chini. Vuta kiti umketishe, nawe uketi, umwambie.